“Au Hapa ni Ulaya?”: Rangi za Maji, Simu Yangu na Mji wa Kale

Picha ya kwanza ya rangi za maji niliyojivunia niliipeleka kwa Ami. Ami ni mdogo wa marehemu babangu, mtu wa bahari. Alianza kupanda mashua hajaota ndevu, akaacha magoti yalipomkatalia. Siku hizi makao yake ni barazani Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, kikombe cha kahawa chungu mkononi, na hapiti mtu wala paka asiyemjua. Nikampa karatasi. Ilikuwa Ndia Kuu, au ndivyo nilivyoamini: njia nyembamba, nyumba za ghorofa huku na huku, roshani za mbao, watu wawili watatu wanatembea. Akaishika mbali na uso, kama wafanyavyo wazee wanaokataa miwani, akaigeuza, akairudisha.

“Hapa ni wapi, mwanangu?”

“Ndia Kuu, Ami.”

“Ndia Kuu.” Akapiga funda la kahawa. “Na mvua yote hii imenyesha lini? Au hapa ni Ulaya?”

Wenziwe barazani wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, maana ungefanya nini? Usiku nikaitazama tena chini ya taa, nikaona alichokiona. Njia ilikuwa inang'aa kama imemwagiwa ndoo ishirini za maji. Anga ya kijivu. Vivuli virefu vya jua dhaifu. Wale watu wangu watatu walikuwa wamevaa makoti, Mombasa, mwezi wa Februari! Hata Ulaya alikosea kidogo. Nilikuwa nimeichora Melbourne ya Australia nikaitia roshani za Mombasa.

Niseme ilivyoanza. Mei 2020, serikali ilipoufunga Mji wa Kale kwa ajili ya korona, hakuna kutoka hakuna kuingia, tulikuwa ndani mimi, dada yangu, wanawe wawili na kisanduku cha rangi za shule chenye vidonge kumi na viwili. Watoto walichoka nacho siku ya pili. Mimi sikuchoka. Kazi yangu ni hesabu katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na kwa miaka mingi mkono wangu haukuwa umefanya kitu ila kuandika tarakimu. Usiku, bando la bei nafuu likianza, nilikuwa najifunika shuka na kuangalia watu wa mbali wakichora.

Walionivuta kwanza hawakuwa mabingwa. Walikuwa wale wa machweo: tepu pembe nne za karatasi, mstari wa manjano, mstari wa waridi, zambarau juu, yote yanayeyukiana, kisha minazi miwili myeusi, kisha tepu inabanduliwa polepole na ukingo mweupe unatokea safi kama kanzu ya Ijumaa. Sekunde arobaini. Naona haya kusema nimeziangalia ngapi. Na simu ikishajua ukipendacho haikupi kingine. Ilifika siku nikifungua Instagram ni machweo matupu, minazi mitupu, utadhani dunia nzima ni hoteli ya Diani.

Nilijaribu machweo yale mara kumi na nne. Nilihesabu, ndiyo kazi yangu. Mara kumi na nne yalitoka matope.

Kilichonichukua muda kuelewa ni kwamba video zile zimekatwa mahali pale pale penye kazi. Unaona brashi inalowesha, unaona rangi inaingia, halafu papo hapo karatasi imekauka na mnazi unachorwa. Kati ya hapo kuna dakika kumi, ishirini, pengine saa nzima, mtu amekaa anaitazama karatasi asiiguse. Hakuna anayekuonyesha hilo, maana nani atakaa kuangalia karatasi inakauka? Lakini rangi za maji ni hilo hasa. Mafuta unaweza kuyafuta, penseli unaweza kuifuta. Maji yana wakati wake, na ukiyaingilia kabla au baada yanakuaibisha mbele za watu.

Mtu aliyenifungua macho ni yule yule aliyeniponza. Joseph Zbukvic alizaliwa Zagreb, akahamia Australia akiwa kijana, na picha zake za mitaa ya Melbourne wakati wa mvua zinasambazwa na wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake kila pembe ya mtandao. Ana kitu anachokiita saa ya rangi za maji. Upande mmoja unapima ulowevu wa karatasi: imelowa chepechepe, ina unyevu, imekaribia kukauka, kavu kabisa. Upande wa pili unapima uzito wa rangi kwenye brashi, na mizani yake haitoki dukani, inatoka jikoni: chai, kahawa, maziwa, malai, siagi.

Niliposikia hivyo nilikaa kitako. Huyu bwana wa Melbourne alikuwa anazungumza na mimi. Chai ya rangi! Sisi tumeiita hivyo miaka yote bila kujua tunafundisha uchoraji. Rangi nyepesi kabisa, ile unayoona kikombe chini yake, ni chai ya rangi. Ikizidi kidogo ni kahawa kama ile ya dele barazani. Maziwa yanaficha chini. Malai yanatambaa polepole ukiinamisha kibao. Siagi haitembei, inakaa ulipoiweka.

Na kanuni inayotoka hapo ni moja, nami niliibandika ukutani juu ya meza: juu ya karatasi ambayo bado mbichi, usirudi na kitu chepesi kuliko kilichopo. Ukiweka maziwa juu ya chai mbichi, yataenea kwa adabu na kulainika pembeni. Ukiweka chai juu ya maziwa yaliyokaribia kukauka, maji mapya yatazisukuma chembe za rangi mpaka ukingoni na kuziacha huko zimekunjamana kama koliflawa. Wachoraji wenyewe huliita hivyo, koliflawa. Machweo yangu kumi na manne yalikuwa shamba zima la koliflawa.

Lakini saa ya Zbukvic, kama saa yoyote, lazima uiweke kwa majira ya kwenu. Hapa ndipo video zote zilinidanganya, tena bila kukusudia. Karatasi hukauka kwa sababu maji yanapanda hewani, na hewa ya Mombasa imeshashiba maji. Mchoraji aliye kwenye chumba chenye hita anasema “subiri dakika tano”. Mimi mwezi wa Mei, masika yamepamba moto, naweza kuosha vyombo vya mchana wote, nikaanua nguo zilizokataa kukauka, nikarudi nikakuta anga yangu bado inameremeta. Kaskazi ikivuma, Januari, mambo ni mengine: jua linachoma, upepo unaingia dirishani, na rangi inakukaukia nusu ya mstari. Kwa hiyo nina saa mbili, ya kusi na ya kaskazi. Wengine hutumia mashine ya kukaushia nywele. Nilijaribu, ilisukuma rangi ikafanya mawimbi, na dada akaudhika na bili ya umeme.

Nikaacha kuhesabu dakika, nikaanza kuangalia mng'ao. Unainua kibao usawa wa jicho, unakielekeza dirishani, unatazama uso wa karatasi kwa upande. Inapong'aa kama kioo, bado. Mng'ao ukifa ukabaki kama ngozi ya embe, hapo ingiza malai. Ukishafifia kabisa lakini kidole bado kinahisi ubaridi, ondoa mkono, hapo ndipo koliflawa zinapozaliwa. Ami aliponikuta nafanya hivyo alisimama akatazama, kisha akasema kwamba nahodha wake wa kwanza alikuwa akisoma maji hivyo hivyo, kwa kuinama na kuyatazama kwa ubavu, kujua upepo unakuja kutoka wapi. Hakusema zaidi, akaenda zake kuswali.

Karatasi yenyewe ni hadithi, na ningeomba mnivumilie hapa kwa sababu ndipo pesa zangu zilipozama. Wachoraji wote ninaowafuata wanasema jambo moja: nunua brashi rahisi, nunua rangi chache, lakini karatasi iwe ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba. Sikuwaamini. Nilichora mwaka mzima kwenye daftari la michoro la shule, na kila nilipolowesha lilijikunja kama papa mkavu. Karatasi ya pamba hunywa taratibu na kuvumilia kusuguliwa. Kiwanda cha Arches huko Ufaransa kinatengeneza karatasi tangu 1492, mwaka ule ule Columbus alipovuka Atlantiki na miaka sita kabla Vasco da Gama hajatia nanga Mombasa, na bado wanaitia jelatini ili maji yakae juu kwa muda kabla ya kuzama. Kipande kizima ni sentimita 56 kwa 76. Mimi hukata vipande vinane. Kwa bei yake mtu hakati kwa mkasi tu, anakata kwa bismillahi.

Jelatini ile, wapenzi wasomaji, ni chakula. Sikuambiwa. Niliagiza karatasi nyingi kwa pamoja ili nipunguze gharama ya posta, nikaziweka kabatini pamoja na mashuka, na baada ya kusi moja nikatoa kipande kilichoonekana cheupe pepe. Nilipopitisha rangi ya anga yakatokea madoa, makumi, kila doa linafyonza rangi kama sponji. Kuvu ilikuwa imekula jelatini. Siku hizi karatasi zangu hukaa ndani ya debe la biskuti lenye kifuniko kizito, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Jamaa zangu wote wanajua: ukinunua viatu, vifuko ni vyangu.

Na kama unaishi pwani, usidanganyike na rangi zinazotengenezwa kwa asali. Zinasifiwa sana na watu wa nchi kavu kwa kuwa hazipasuki. Kwetu hazikauki hata kwenye kisanduku, na asubuhi moja niliwakuta sisimizi wamepanga foleni kama ya feri ya Likoni kuelekea kwenye kidonge cha manjano.

Nirudi kwa Ami na Ulaya yake, maana neno lile lilinikaa.

Kosa langu halikuwa kumuiga Zbukvic. Kila fundi ameanza kwa kuiga, na hata yeye anawafundisha watu kwa kuwaonyesha afanyavyo. Kosa lilikuwa kuiga majibu yake. Yeye alitazama mtaa wa kwao siku ya mvua akajiuliza: mwanga uko wapi, na nifanye nini ili niuache peke yake? Jibu lake likawa kijivu, kwa kuwa Melbourne siku ile ilikuwa kijivu. Mimi nikachukua kijivu nikaacha swali. Na nitoe jambo jingine linaloniwasha: picha ile ya makoti niliiweka mtandaoni bila kusema nimeipata kwa nani. Mtu mmoja nisiyemjua akaniandikia kwa upole akiuliza kama nimesoma kwa fulani. Nikaingiwa na haya, nikaifuta. Sasa nikiiga naandika chini, nimeiga kwa fulani, na nikiwa sina uhakika picha ni ya nani siiweki.

Basi nikaanza kutafuta wenye jua. Nuru yetu haifanani na ya watu wa kaskazini. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa Ikweta. Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua linapita juu ya utosi, kivuli chako unakikanyaga. Kuanzia saa nne mpaka saa tisa rangi zote zinakimbia, ukuta unakuwa karatasi na bahari bati. Nani anajua kuchora hivyo?

Nilimpata Milind Mulick, wa Pune, India. Mitaa yake ina waya za umeme zilizovurugana, turubai za maduka, vumbi, baiskeli, na vivuli vya zambarau vilivyokatwa kwa kisu. Hachori kila kitu; anaweka kivuli kimoja kikubwa, na jua linajitokeza lenyewe pale alipoacha. Nilipoona kazi zake mara ya kwanza nilidhani ni Biashara Street. Nikampata Ong Kim Seng wa Singapore, mzaliwa wa 1945 aliyejifundisha mwenyewe, na mashua zake za Mto Singapore: hewa nzito kama yetu, maji ya kijani kama yetu. Hawa wote walikuwepo siku zote. Simu haikuniletea kwa sababu sikuuliza. Niliuliza machweo, ikanipa machweo. Ilinibidi niandike majina ya miji, Pune, Kochi, Singapore, Zanzibar, badala ya kuandika “mawazo ya kuchora”.

Kisha mtu mmoja ninayemfuata akaweka picha ya Winslow Homer, Mmarekani aliyefariki 1910, na sikulala vizuri usiku ule. Aliichora Nassau, visiwa vya Bahama, mwaka 1898. Iko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Ni ukuta mweupe. Basi. Ukuta mweupe wenye vigae vya chupa juu yake kuzuia wezi, maua mekundu yamechomoza nyuma, na ukanda wa bahari. Nani wa Mombasa asiyeujua ukuta huo? Nimepita kando ya kuta hizo tangu shule ya chekechea, na siku zote nilizihesabu ni uchafu wa macho, kitu cha kukwepa ili nichore kizuri. Homer alikwenda mpaka visiwa vya mbali akaona ukuta wa vigae vya chupa akasema, hiki ndicho.

Na weupe ule hakuupaka. Rangi za maji, kwa walio wakali, hazina nyeupe. Nyeupe ni karatasi uliyoiacha. Huo ukuta ni karatasi tupu yenye vivuli vichache vya samawati.

Samawati hiyo ndiyo iliyonifunza kuchora kanzu. Rangi inayotumiwa na karibu kila mmoja wa watu ninaowafuata ni ile bluu ya ultramarine, jina lenye maana ya “ng'ambo ya bahari”, kwa kuwa zamani ilisagwa kutokana na jiwe la Badakhshan, Afghanistan, likasafirishwa mpaka Ulaya na kuuzwa ghali mno. Kisha Wafaransa wakaweka zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kiwandani, na mwaka 1828 ikatolewa kwa Jean-Baptiste Guimet. Tangu hapo ikawa rahisi, rahisi mpaka ikafika kwenye karai la nyanya yangu. Maana zile buluu za kufulia za zamani, zilizotiwa kwenye suuza ya mwisho ili kanzu zisiwe na umanjano, nyingi zilikuwa ni kitu hicho hicho. Nyanya alikuwa akifunga buluu kwenye kitambaa, anaizungusha majini mara tatu, anaonja rangi ya maji kwa jicho, anasema “tosha”. Akizidisha, babu anakwenda msikitini na kanzu ya samawati na nyumba haikaliki.

Kwa hiyo nilipokuwa nahangaika jinsi ya kuchora kanzu ya mtu aliyesimama kivulini, nikakumbuka karai. Chai nyepesi ya buluu upande wa kivuli, tone la udongo mwekundu chini kidogo pale joto la ardhi linaporudi, na upande wa jua usiguse kabisa. Tosha. Bluu hii ina tabia nyingine nzuri: chembe zake zinatua kwenye vishimo vya karatasi na kuacha uso wenye chengachenga. Ukiichanganya na rangi ya udongo iliyochomwa, ile iliyopewa jina la Siena ya Italia, unapata kijivu kinachofanana sawasawa na ukuta wa mawe ya matumbawe uliobanduka chokaa. Hakuna aliyeniambia hilo. Hao wa Melbourne na London wanachanganya rangi hizo hizo mbili kwa ajili ya mawingu.

Kuhusu kuchora watu nitasema machache. Shangazi yangu aliniuliza mapema, kwa utulivu, kama nimefikiria hukumu ya kuchora vyenye roho. Nimefikiria, na nimeuliza wanaojua zaidi yangu, na kila mtu ana jibu lake. Langu ni kwamba sichori nyuso. Ajabu ni kuwa wachoraji wa mitaani nao hawazichori, kwa sababu nyingine kabisa: wanafundisha kwamba mtu wa mbali ni karoti. Nukta ya kichwa, mabega mapana, chini unachongoka, umemaliza. Nilicheka sana siku ile. Mwanamke aliyevaa buibui anashuka ngazi ni mpigo mmoja wa brashi mnene, siagi juu, ukivuta chini unakuwa maziwa, na upepo unauonyesha pale brashi inapokauka. Hakuna anayeweza kusema huyu ni nani. Naye hataki ajulikane.

Kutoka nje nilichelewa. Kuna kundi la dunia nzima, Urban Sketchers, lililoanzishwa mwaka 2007 na Gabriel Campanario, mwandishi wa habari na mchoraji wa Seattle. Masharti yao ni kuchora papo hapo, kwa unachokiona, si kwa picha ya simu. Niliwafuata miaka miwili nikiwa kitandani. Mwishowe Jumapili moja, baada ya alfajiri, nikabeba kibao, chupa ya maji na kigoda, nikashuka Ngazi za Leven mpaka karibu na maji.

Pale jua linatoka upande wa Nyali, kwa hiyo mashua zote za Bandari ya Zamani zinakuwa nyeusi mbele ya mwanga. Maji yalikuwa ya bamvua, na hapa kwetu bamvua si mchezo, ni zaidi ya mita tatu baina ya kupwa na kujaa. Nilipoanza mchoro maji yalikuwa miguuni pangu, nilipomaliza anga ngazi tatu zilikuwa wazi. Mashua niliyoanza nayo iligeuka. Watoto wakaja, mmoja akauliza nauza bei gani, mwingine akamjibu kwa niaba yangu kwamba haijaisha, haoni haina rangi? Hamali mmoja akasimama muda mrefu na mzigo mgongoni, hasemi kitu, kisha akaniambia mlingoti uko mbele mno. Alisema kweli. Ilikuwa picha mbaya kupita zote nilizofanya mwaka ule, na ndiyo pekee niliyoitia fremu.

Nikirudi huwa napita chini ya Ngome, yaani Fort Jesus. Ndani yake, katika kuta walizozijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, kuna michoro ya askari wa zamu waliokuwa wamechoka: meli na vitu vingine, kwa makaa na udongo mwekundu. Kwa yule asemaye hana vifaa.

Simu sijaitupa. Nimeipunguza tu. Nafuata watu ishirini na wawili, na nikiongeza mmoja natoa mmoja. Kurasa zinazokusanya picha za wengine bila majina nimezifunga zote, hata zikiwa nzuri, hasa zikiwa nzuri. Video nikipenda naitazama mara moja bila sauti, mara ya pili natazama mkono wa kushoto wa mchoraji, maana huko ndiko kiliko kitambaa, na kitambaa kinakuambia brashi yake ina maji kiasi gani. Kisha naandika swali moja kwenye daftari. Sichori siku hiyo. Wiki iliyopita swali lilikuwa: mstari mweupe mwembamba juu ya giza wanaupataje? Jibu ni wembe. Unangoja ikauke kabisa, unakwaruza kwa ncha, karatasi ya pamba inatoa weupe wake.

Jana nilimpelekea Ami picha mpya. Bandari ya Zamani, saa moja asubuhi, mashua moja nyeusi, ukuta mmoja wenye vigae vya chupa, mtu mmoja wa karoti. Alikuwa anakula mahamri. Akaishika mbali na uso. Akanyamaza mpaka nikaanza kujitetea kabla hajanishitaki.

“Maji yanapwa haya,” akasema.

“Ndiyo, Ami.”

“Na mashua haina kamba.” Akanitazama kama nimeiba. “Itakwenda na maji, mwanangu. Mwenyewe ataitafuta Nyali.”

Nikatoa wembe kwenye mkoba, nikamuuliza ifungwe wapi. Akaweka kidole juu ya karatasi, akakivuta toka omo, mbele ya mashua, mpaka kwenye ngazi, kidole chenyewe kimejaa mafuta ya mahamri. Nilikwaruza kamba pale pale alipopita. Doa la mafuta halikutoka. Rangi haishiki hapo tena.